Umesamehe, Mbona Unadai? Msamaha, Haki na Mtazamo wa Mkristo Aliyeumizwa

Kundi la ng'ombe likiingia usiku kwenye shamba la mahindi lililobakiza wiki mbili kuvunwa, asubuhi mwenye shamba hukuta mabua yaliyovunjika katikati, magunzi yaliyotafunwa na udongo uliokandwa kwa kwato. Katika wilaya za Mbulu na Hanang', mkoani Manyara, hatua zinazofuata zinajulikana. Mwenyekiti wa kitongoji huitwa, ofisa kilimo wa kata hutafutwa aje kufanya tathmini, na nyayo hufuatwa hadi kwenye boma zilikotokea. Ikiwa mwenye ng'ombe na mwenye shamba wanasali kanisa moja, wazee wa kanisa nao hufika, na hapo maneno hugawanyika. Mmoja atasema yaishe. Mwingine atauliza magunia yaliyopotea atayalipa nani. Mwenye shamba akishatamka mbele ya watu kwamba amesamehe, kisha akaulizia fidia, hurushiwa swali: umesamehe, mbona unadai?

Swali hilo haliishii kwenye mahindi. Huulizwa mke aliyepigwa akionekana kwenye dawati la jinsia la polisi. Huulizwa ndugu anayedai sehemu yake ya shamba la marehemu baba. Huulizwa binti anayekataa mdogo wake akeketwe kama alivyokeketwa yeye, akaambiwa bado ana kinyongo na bibi. Kila mara dhana iliyojificha ni ileile: kwamba msamaha ukishatolewa, aliyeumizwa hana tena cha kusema, cha kukumbuka wala cha kudai. Makala haya yanapima dhana hiyo, yanaweka mezani misimamo mitatu inayoshindana makanisani, na kuangalia kila mmoja unamwacha wapi mtu aliyeumia.

Neno moja, kazi nyingi

Sehemu ya mkanganyiko inatoka kwenye lugha yenyewe. Kiswahili kimelipa neno moja mizigo mingi. Mtu akikukanyaga mguu kwenye basi husema samahani. Serikali ikiamua kutotoza kodi fulani, huo huitwa msamaha wa kodi. Rais akiwaachia wafungwa kwa mamlaka anayopewa na Katiba, huo ni msamaha wa Rais. Na Mkristo anapoungama dhambi zake, anachoomba nacho kinaitwa msamaha. Katika basi, msamaha ni adabu. Katika kodi, deni limefutwa. Gerezani, adhabu imekoma. Kwenye maungamo, uhusiano wa mtu na Mungu umerejeshwa. Sikio lililozoea matumizi yote manne huyachanganya bila kukusudia, likadhani kwamba anayesamehe amefanya yote kwa mpigo.

Hata Sala ya Bwana ina alama ya mchanganyiko huo. Biblia ya Union Version katika Mathayo 6 hutumia neno deni, ilhali sala inayosaliwa Jumapili katika makanisa mengi hutaja makosa. Anayelisikia deni hufikiria kufuta. Anayesikia makosa hufikiria kurekebisha. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini mbele ya baraza la wazee inaweza kuamua kama mtu atalipwa gunia lake au hatalipwa.

Si kila jeraha lina mkosaji

Kuna jambo jingine la kutenganisha kabla ya kupima misimamo. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang' na kufunika sehemu za mji wa Katesh na maeneo ya jirani, yakiwemo Jorodom na Gendabi. Watu 89 walipoteza maisha. Familia zilipoteza wazazi, watoto, mifugo na nyumba kwa saa chache za asubuhi moja.

Msiba kama huo huacha uchungu unaofanana sana na uchungu wa kudhulumiwa: usingizi unakatika, mvua ikinyesha moyo unadunda, hasira inatafuta mahali pa kutua. Lakini msamaha unahitaji aliyekosa. Pale ambapo mlima ndio uliobomoka, Mkristo ana haki ya kuomboleza na hata kumlilia Mungu kwa maneno makali, kama alivyofanya Ayubu sura baada ya sura. Kumwambia mfiwa "achilia, samehe" wakati hakuna aliyemkosea ni kumpa dawa ya ugonjwa mwingine. Kazi ya kwanza ya mshauri, basi, ni kuuliza: hapa kuna kosa, au kuna msiba? Majibu yanatofautiana, na tiba zake pia.

Usuli: nchi ya kulipa ng'ombe

Mbulu na Hanang' ni nchi ya watu waliogusana kwa muda mrefu: Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, Wadatoga wakiwemo Wabarabaig, Wagorowa, na wengine waliohamia. Kuanzia katikati ya karne iliyopita Wairaqw walitoka kwa wingi katika milima yao ya asili kuelekea nyanda zilizokuwa malisho ya Wadatoga. Jembe na fimbo ya mchungaji vikakutana, na migogoro ya mipaka haijakoma tangu hapo.

Jamii hizi hazikusubiri kanisa ili zijue kupatanisha. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi na Wabarabaig na baadaye, katika miaka ya 1960, akaandika juu yao, alieleza mikutano ya wazi ya kuamua mashauri, ukiwemo mkutano wa wanawake wenye uwezo wa kumhukumu mwanamume aliyevunja haki za mwanamke na kumtoza ng'ombe. Mkosaji alisikilizwa, kosa lilitajwa hadharani, faini ilitolewa, na jambo likafungwa. Amani ilikuwa na bei, na bei hiyo ilionekana kwa macho, ikitembea kwa miguu minne.

Ukristo ukaja juu ya msingi huo. Mbulu ikawa jimbo la Kanisa Katoliki mwaka 1953. Walutheri kutoka Norway wakafungua hospitali ya Haydom mwaka 1955. Baadaye yakaongezeka makanisa ya Kipentekoste. Mahubiri yakaleta jambo ambalo mila haikulisisitiza: kwamba aliyekosewa naye ana kazi ya kufanya moyoni mwake, hata kabla ya ng'ombe kulipwa. Hilo lilikuwa jipya na lilikuwa jema. Tatizo lilianza pale watu walipolisikia kana kwamba kazi ya moyoni imechukua nafasi ya ng'ombe.

Msimamo wa kwanza: samehe bila sharti

Wanaoshika msimamo huu wana maandiko ya wazi. Petro alipouliza asamehe mara ngapi, katika Mathayo 18, alijibiwa kwa hesabu isiyohesabika. Yesu msalabani aliwaombea waliokuwa wakimsulubisha, na hakuna aliyekuwa ametubu. Katika mahubiri ya siku hizi neno linalosikika zaidi ni kuachilia: mwachilie aliyekuumiza, usije ukafungwa wewe.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unamtoa aliyeumizwa mikononi mwa aliyemuumiza. Mkosaji anaweza kuwa amekufa, amehamia machimbo ya Mirerani, au yupo jirani na hana mpango wa kukiri chochote. Kama msamaha lazima umsubiri yeye, basi yeye ndiye mwenye ufunguo wa usingizi wa mwenzake. Utafiti nao unauunga mkono kwa kiasi. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha watu 4,598 katika nchi tano, Afrika Kusini ikiwa mojawapo, ambao walipewa kitabu cha mazoezi ya kusamehe. Waliokitumia walipungukiwa na dalili za sonona na wasiwasi. Anayesamehe hupata nafuu ya kweli, na nafuu hiyo inapimika.

Afrika Mashariki ina mfano wake mkubwa. Askofu Festo Kivengere wa Uganda, mtoto wa Uamsho wa Afrika Mashariki aliyewahi kufundisha shule Dodoma, alikimbia nchi yake mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Mwaka huohuo alitoa kitabu chenye jina lililowashangaza wengi, akisema kwamba anampenda Idi Amin. Hakungoja Amin aombe radhi, na Amin hakuomba.

Udhaifu wa msimamo huu uko katika namna unavyotumiwa. Kwanza, shinikizo lake huwaangukia wanyonge. Ni nadra tajiri aliyeibiwa ng'ombe 50 kuambiwa ayamezee, lakini mke aliyevunjwa jino ataambiwa avumilie kwa ajili ya watoto. Pili, msamaha usiogusa mwenendo wa mkosaji unaweza kumpa ruhusa. Mwanasaikolojia wa Marekani James McNulty alizifuatilia jozi 72 za wanandoa wapya kwa miaka minne ya mwanzo na mwaka 2011 akaripoti kwamba wenza wa watu wepesi wa kusamehe waliendelea na ukali uleule, ilhali ukali wa wenza wa wengine ulipungua kadiri muda ulivyokwenda. Tatu, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani Dietrich Bonhoeffer alionya mwaka 1937 juu ya neema ya bei rahisi, ile inayotoa msamaha bila kudai toba. Msamaha unaoamriwa mbele ya baraza, mwenye jeraha akiwa bado anatetemeka, ni wa namna hiyo, na gharama yake yote huibeba aliyeumizwa.

Tena wanaomtaja Kivengere mara nyingi husahau nusu ya habari. Alimpenda Amin, lakini alivuka mpaka usiku kuokoa maisha yake, na akiwa uhamishoni aliendelea kuyasema maovu ya utawala ule. Moyo wake ulikuwa wazi, lakini miguu yake haikurudi Kampala hadi ilipokuwa salama.

Msimamo wa pili: toba kwanza

Upande wa pili unaanzia Luka 17, ambako ndugu aliyekosa huonywa, na akitubu husamehewa. Mpangilio wake unaonekana wazi: onyo, toba, msamaha. Wakatoliki wana sakramenti yenye hatua zinazofanana na hizo: majuto, maungamo na malipizi. Zakayo, katika Luka 19, hakuishia kulia. Aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Mzee wa Kidatoga au wa Kiiraqw hapati shida kuielewa habari ya Zakayo, maana inafanana na aliyoyaona kwao.

Nguvu yake ni kwamba unalinda ukweli. Kosa linatajwa kwa jina lake. Aliyeumizwa haachwi peke yake na siri, na mkosaji anachukuliwa kama mtu mzima anayeweza kujibu kwa matendo yake. Kumsamehe mtu ambaye hajaambiwa alichokosa kunaweza hata kuwa dharau ndogo, kama kumhesabu kuwa mtoto asiyejua alitendalo. Jamii pia hufaidika, maana toba ya hadharani huwafunza vijana mpaka uko wapi.

Lakini udhaifu wake ni mzito. Mkosaji anapewa mamlaka juu ya moyo wa mwingine: asipotubu, mwenzake afe na uchungu wake. Kisha pale ambapo kukiri kunaambatana na kulipa, wenye kukiri huwa wachache, na wenye akili za haraka hujifunza kuigiza. Kila kanisa linamjua mtu anayelia vizuri mbele ya madhabahu na kurudi kulekule kabla ya mwezi kwisha. Nani atapima kwamba toba ni ya kweli? Na aliyekufa atatubu vipi? Msimamo huu, ukishikwa peke yake, unaweza kuwageuza wema kuwa wakusanya madeni wa roho, kila mtu na daftari lake.

Msimamo wa tatu: samehe, na haki ichukue mkondo wake

Msimamo wa tatu unatenganisha mambo matatu ambayo misimamo mingine miwili inayachanganya. Kusamehe ni kazi ya moyo: kuacha nia ya kulipiza kisasi na kumtakia mkosaji mema mbele za Mungu. Kupatana ni kazi ya watu wawili: uhusiano unajengwa upya, na hauwezi kujengwa na mmoja. Haki ni kazi ya jamii na dola: madhara yanapimwa, kilichoharibika kinarudishwa, na wengine wanalindwa. Mtu anaweza kuikamilisha ya kwanza peke yake leo, ya pili ikachukua miaka, na ya tatu ikaamuliwa na wengine kabisa.

Sheria za Tanzania zinauendea mpangilio huu bila kuutaja. Kesi ya jinai huandikwa Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na aliyejeruhiwa husimama kama shahidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika mashambulio madogo na makosa ya binafsi yasiyo makubwa. Lakini mzazi wa binti aliyebakwa hawezi kumsamehe mbakaji kwa niaba ya Jamhuri, hata akipewa ng'ombe wangapi, na adhabu ya kosa hilo haipungui miaka 30 kwa mtu mzima. Katika ardhi, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu tena. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mdai anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katika ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na taasisi za dini zinaweza kuwa na mabaraza hayo. Dola yenyewe, kwa hiyo, inaupa upatanisho nafasi ya kwanza katika mengi, na inaukatalia katika machache yenye hatari kubwa.

Maandiko nayo hayako mbali na hapo. Paulo, yuleyule aliyefundisha kumwachia Mungu kisasi, katika Matendo 16 alikataa kutoka gerezani Filipi kimyakimya baada ya kupigwa bila hukumu. Aliwataka wakubwa wa mji waje wenyewe wamtoe. Katika Matendo 25 alikata rufaa kwa Kaisari. Hakuiona rufaa kuwa chuki.

Hata hivyo msimamo huu una tundu lake, na Paulo huyohuyo ndiye anayelionyesha. Katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6, anawakaripia waumini wanaoburuzana mahakamani kwa mambo ambayo ndugu wangeweza kuyaamua. Mtu anaweza kusamehe kwa mdomo na kulipiza kwa wakili. Kesi ya mpaka wa hatua 10 inaweza kula nauli za Katesh na Babati hadi ikapita thamani ya shamba lenyewe, na siku hukumu inaposomwa, watoto wa nyumba mbili hawachoti tena maji kisima kimoja. Haki inayodaiwa kwa moyo wa kisasi hushinda kesi ikapoteza kijiji.

Kitu gani hubadilika kwenye macho

Ubishi huu wote juu ya masharti unaweza kuficha swali lililo kubwa zaidi: msamaha unamfanyia nini yule anayeutoa? Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Jeraha hufundisha macho. Baada yake, mtu hutazama kila kitu kupitia kwake: kila mchungaji ni mwizi wa malisho, kila mkulima ni mnyang'anyi, kila mume atapiga. Msamaha wa Kikristo, ukifanya kazi yake, hugusa macho hayo katika sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kumbukumbu. Mfano wa mtumwa asiyesamehe, katika Mathayo 18, unaanza kwa mfalme kufungua hesabu. Deni la kwanza linatajwa kwa tarakimu: talanta 10,000. La pili nalo linatajwa: dinari 100. Wahubiri wengi hulicheka deni la pili kama jambo dogo, lakini dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Dinari 100 ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Mwenye mfano hakulipuuza jeraha la mdai. Alilipima kwanza, kisha akaliweka karibu na deni lisilolipika ambalo mdai huyohuyo alikuwa amesamehewa. Kusamehe, kwa hesabu hiyo, hakudai mtu asahau. Kunadai akumbuke mambo mawili kwa pamoja, alichokosewa na alichosamehewa, na la pili lilipunguze la kwanza makali.

Sehemu ya pili ni sura ya mkosaji. Jina Wamang'ati, ambalo watu wengi huwaita Wadatoga bila kufikiri, limetoka kwenye neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Mtu anaweza kusali kanisani kila Jumapili na bado kumwita jirani yake adui kuanzia Jumatatu, kwa mazoea tu. Anayesamehe huanza kumpa mkosaji jina lake halisi: baba wa fulani, mtu wa ukoo fulani, aliyefanya jambo baya siku fulani. Kosa linabaki kosa, lakini halimezi tena mtu mzima, wala kabila lake.

Sehemu ya tatu ni kesho. Mfano mgumu kuliko yote katika mkoa huu ni ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake wa Manyara wenye umri wa kuzaa walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 43. Aliyempeleka binti kwa ngariba mara nyingi alikuwa bibi au mama aliyempenda, akiamini anamjengea heshima. Binti Mkristo anaweza kumsamehe bibi huyo kwa dhati, akamuuguza na kumzika kwa machozi ya kweli, na papo hapo akasimama mlangoni mdogo wake asichukuliwe. Mambo hayo hayapingani. Kinyongo hutazama nyuma na kuuliza nimlipeje. Msamaha uliokomaa hutazama mbele na kuuliza nini kifanyike ili jambo hili lisimfikie mwingine. Sheria, ambayo tangu 1998 inampa anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kifungo cha miaka mitano hadi 15, inajibu swali hilohilo kwa njia yake.

Yusufu, katika kitabu cha Mwanzo, ameonyesha sehemu zote tatu. Ndugu zake walipofika Misri kununua nafaka, aliwatambua na hakujitambulisha. Aliwajaribu. Alitaka waje na Benyamini, kisha akaamuru kikombe chake cha fedha kifichwe kwenye gunia la kijana huyo, aone kama watamwacha mdogo wao utumwani kama walivyomwacha yeye. Yuda alipojitoa awe mtumwa badala ya Benyamini, ndipo Yusufu alipolia na kusema yeye ni nani. Kwa miaka yote hiyo hakuwalipiza, na magunia yao aliyajaza nafaka. Imani yake kwao, hata hivyo, ilisubiri ushahidi.

Pale anayeumiza si mtu mmoja

Kuna makosa ambayo hayana mtu wa kumwendea. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea, nyanda za Hanang' zilipimwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Ekari zipatazo 100,000 zikatoka mikononi mwa wafugaji, na Wabarabaig walilalamika kwamba hata makaburi ya wazee wao, ambayo kwao ni mahali patakatifu, yalilimwa. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda Mahakama Kuu na kushinda, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikapindua ushindi huo.

Katika kosa kama hilo, wote wanaosema samehe tu na wanaosema toba kwanza hukwama. Shirika halina moyo wa kutubu. Aliyeendesha trekta alikuwa kibarua, aliyechora ramani yuko mbali, na aliyetia saini amestaafu au amefariki. Mkristo wa Hanang' anaweza kumsamehe dereva wa trekta na jirani aliyepata ajira shambani, na afadhali afanye hivyo, maana hao ndio anaokutana nao mnadani. Lakini dai la malisho na makaburi si mali yake peke yake. Ni la waliozikwa na la watoto ambao hawajazaliwa, na hakuna anayeweza kusamehe deni la mwingine. Afrika Kusini ilijifunza hilo kupitia Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu: baadhi ya waliokiri walipewa kinga mapema, lakini fidia ya waathirika, randi 30,000 kwa mtu, ilicheleweshwa hadi 2003. Wengi walisamehe. Wachache waliona deni limeheshimiwa.

Kuipima mizani

Misimamo mitatu ikipangwa pamoja, inaonekana kila mmoja una sehemu yake ya ukweli. Wa kwanza una haki kuhusu moyo: hapo sharti halifai, kwa sababu anayeweka sharti anajifunga mwenyewe. Wa pili una haki kuhusu uhusiano: hakuna kupatana bila ukweli na mabadiliko, na anayelazimisha watu wawili kushikana mikono kabla ya hapo anapiga picha tu. Wa tatu una haki kuhusu madhara: kilichoharibika hupimwa na kurudishwa, na mnyonge hulindwa, kwa baraza likitosha, na kwa mahakama lisipotosha. Kosa kubwa la mabaraza mengi ni kuchukua dawa ya moyo na kuipaka kwenye madhara.

Dhana tuliyoanza nayo, basi, haisimami. Kudai si lazima kuwe kinyume cha kusamehe. Kinachopimwa ni nia: je, ninadai ili aumie kama nilivyoumia, au ninadai ili shamba lirudi na ng'ombe wafungwe zizini usiku? Mwenye nia ya kwanza hajasamehe hata kama ameacha kesi. Mwenye nia ya pili amesamehe hata kama anasubiri hukumu. Na yule anayeamua kwa hiari yake kuacha dai lake halali, kama Paulo anavyowashauri Wakorintho, anatoa zawadi. Zawadi haiamriwi na baraza.

Kwa wazee wa kanisa, makatekista na wachungaji wa Mbulu na Hanang' jambo la kufanya ni dogo na linawezekana. Mkiitwa asubuhi kwa sababu ng'ombe wamelala kwenye mahindi ya mtu, msianze na neno yaishe. Nendeni kwanza shambani na ofisa kilimo mkayahesabu mabua, mwenye ng'ombe akiwepo na akihesabu pamoja nanyi. Mfalme wa Mathayo 18 naye alifungua hesabu kabla ya kusamehe.